Mlango Uliofungwa Mchana: Maisha ya Dkt. Mercyline Nabututu Walubengo

Wapendwa mliofika hapa Kisian leo, Jumamosi tarehe 20 Septemba 2025, jina la Bwana libarikiwe hata katika siku kama hii. Walio juani wasogee chini ya hema, nafasi bado ipo. Aliyepewa kazi ya kusoma ni Wepukhulu, kaka mkubwa wa marehemu, karani wa mizani ya miwa kule Muhoroni, na mtamvumilia akisoma polepole, kwa sababu tangu Alhamisi ya juma lililopita maneno yanamfikia kama yanayosemwa katika chumba kingine. Yote yaliyomo humu yamekubaliwa na familia zote mbili, ya mume na ya wazazi, na namna yalivyokubaliwa ni sehemu ya historia yenyewe, kwa hiyo tutaifikia.

Mercyline Nabututu alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1983, katika kambi ya wafanyakazi wa miwa huko Muhoroni, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa marehemu Mzee Wakhisi, aliyeendesha trekta la kuvuta trela za miwa, na Mama Loice Nelima, ambaye yuko nasi, ameketi pale upande wa akina mama. Wazazi wetu walitoka Kimilili wakifuata kazi, wakaishi na Wajaluo, Wanandi na Wakisii katika nyumba zilizopakana ukuta kwa ukuta, na ndiyo maana Mercyline alikua akizungumza Kibukusu jikoni, Kijaluo mferejini na Kiswahili kanisani, na mpaka mwisho alisali kwa lugha zote tatu, akisema Mungu asipate kisingizio.

Kuna jambo moja la utoto wake ambalo lazima lisomwe, maana mengine yote yamesimama juu yake. Mama Nelima anajulikana kambi nzima kuwa hajawahi kumwambia mgeni hapana. Mwinjilisti wa kanisa ambalo Mama hakuwa na nia ya kujiunga nalo alichinjiwa kuku, akala, akamhesabu Mama kuwa ameokoka, akaondoka akiimba, na Jumapili Mama akaenda katika kanisa lake la Marafiki kama kawaida yake. Kwa hiyo alipomwona mwanamke wa kuchuuza mabeseni akishuka kando ya reli, na hataki beseni, alifanya jambo moja tu, aliwaingiza watoto ndani mchana kweupe, akafunga mlango kwa komeo, wakakaa kimya mpaka nyayo zipite. Mercyline alipouliza kama huko si kusema uongo, Mama alimjibu, “Uongo gani, na sijasema kitu? Nikifungua nitamkaribisha, nikimkaribisha nitanunua, na beseni niko nazo tano. Mlango imemjibu.” Mzee Wakhisi, ambaye siku hiyo alikuwa amefungiwa ndani pamoja na wengine, akasema, “Loice, iko siku utamfungia malaika.”

Alisoma shule ya msingi karibu na kiwanda, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1997, akaendelea na sekondari ya bweni hadi mwaka 2001, na katika miaka hiyo yote nguo zake zilirudi nyumbani zikinuka moshi wa miwa iliyochomwa, kwa sababu hata bweni lilizungukwa na mashamba. Aliingia chuo kikuu mwaka 2003 kusoma falsafa na dini, akamaliza mwaka 2007, mwaka mmoja baada ya baba kulala, akapata shahada ya pili mwaka 2011, na ya udaktari mwaka 2018. Siku ya kuvishwa joho la udaktari, Mama aliuliza kama sasa anaweza kutibu mgongo wake, na Mercyline akamwambia ageuke, akamkanda.

Tarehe 5 Januari 2015 alijiunga na Taasisi ya Maadili ya chuo kikuu hapa Kisumu akiwa mtafiti mshiriki, na kwa kuwa wengi wamekuwa wakiuliza kwa adabu hiyo ni kazi gani, tueleze kidogo. Taasisi hiyo ni ndogo, ina mkurugenzi, katibu na vyumba vitatu, na haiwezi kusimama peke yake, inashikiliwa na watafiti washiriki, ambao ni walimu wa falsafa, wa sheria, wa uuguzi na wa elimu nyingine, wanaotoa sehemu ya muda wao kuisoma mipango ya utafiti ya watu wengine kabla haijaruhusiwa, na kwenda mashinani kuhakikisha kwamba mtu anayetolewa damu, au anayeulizwa mambo ya nyumbani kwake, ameelewa na amekubali kwa moyo wake. Yeye mwenyewe alisema kwa kifupi, “Sisi ni watu wa kuuliza kama mtu ameulizwa.”

Mwezi Juni mwaka 2016 alitumwa Luanda Kotieno, pale kivuko cha kwenda Mbita kinapotia nanga, pamoja na mtafiti mwenzake Dkt. Ruqayya Abeid, mwalimu wa uuguzi, mwenyeji wa Kaloleni, ambaye yuko hapa na wenzake. Madaktari kutoka nje walitaka kuchukua damu kwa utafiti wa kichocho, na kazi ya hawa wawili ilikuwa kueleza watu na kuwauliza. Walikaribishwa kupita kiasi, wakapewa samaki na ugali, wakaeleza, wakauliza, na watu wote wa ufuo ule walisema sawa, na aliyeweza kuandika akaweka sahihi, na asiyeweza akaweka kidole. Njiani Dkt. Ruqayya alimtania, “Mercyline, ulikuja kwa kazi ama kumaliza samaki ya ziwa?” Wakarudi Kisumu wakimshukuru Mungu kwa safari nyepesi.

Wiki iliyofuata waliporudi pamoja na wauguzi na sindano, milango ilikuwa imefungwa, nyumba hadi nyumba, mchana, na wageni wale wakakasirika wakasema watu wa ziwa hawana msimamo. Mercyline hakukasirika. Alisimama mbele ya mlango mmoja akausikiliza, akasikia mtoto akinyamazishwa ndani, na alituambia baadaye kwamba papo hapo alijua yuko wapi, yuko Muhoroni, ila safari hii yeye ndiye mwenye mabeseni. Pale kwenye kivuko walimkuta Mama Oduor, muuza samaki, ambaye alimkumbatia kwa furaha ya kweli na kumuuliza kama amekula, na alipoulizwa kwani hawakukubali, alicheka mpaka akashika kiuno. “Tulikukubali wewe, Mwalimu. Sindano hatukukubali. Sasa mtu amekula kwako, amesifu mboga, utamwambia hapana na bado ananawa mikono?”

Kutoka hapo alileta katika taasisi utaratibu ambao wenzake wanauita Siku ya Sahani na Siku ya Swali. Siku ya kwanza watafiti wanakwenda kusalimu, kula na kueleza, na ni mwiko kuuliza kama mtu anakubali. Siku nyingine wanarudi kuuliza, na kila mtu ameambiwa mapema kwamba asiyetaka afunge mlango wake, na mlango uliofungwa haubishwi mara ya pili, wala mwenyewe hafuatwi shambani, wala hasemwi. Wapo walionung’unika kwamba safari zimekuwa mbili, na kuna ufuo mmoja ambako siku ya swali ilifungwa karibu milango yote, utafiti ukahamishiwa kwingine, na mkurugenzi akamwita Mercyline aeleze kushindwa huko. Alimjibu kwamba hajashindwa mtu, watu wameulizwa na wamejibu. Mwaka 2017 taasisi iliufanya utaratibu huo kuwa sharti kwa kila utafiti wa pwani hii ya ziwa, na ndio unaotumika hadi leo.

Aliolewa Jumamosi tarehe 19 Desemba 2009 katika Kanisa la Marafiki, Kisumu, na Bwana Robinson Walubengo, mwalimu wa sekondari, na Mungu akawajalia watoto wawili, Sheryl, aliyezaliwa tarehe 7 Oktoba 2010, na Waliaula, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 2014. Walijenga hapa Kisian mwaka 2016. Kwa wageni wetu ambao si Wabukusu, mnahitaji kujua kwamba kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali, hawashikani mikono, hawaingii chumba kimoja, hawali pamoja, na mmoja akimwona mwenziwe njiani hukwepa au hugeuza uso. Robinson na Mama Nelima waliishika heshima hiyo kwa miaka yote kumi na mitano ya ndoa, wakatumiana salamu na unga na dawa ya mgongo kupitia kwa Mercyline, na hakukuwa na neno baya kati yao, kwa sababu aliyekuwa katikati alijua kuyabeba maneno bila kuyamwaga.

Maumivu yalianza Februari mwaka huu, akidhani ni vidonda vya tumbo, kisha macho yakawa ya manjano, na tarehe 28 Mei tuliambiwa hospitalini hapa Kisumu kwamba ni kansa ya kongosho. Jumatatu tarehe 4 Agosti, Dkt. Huzaifa alikuja kitandani kueleza habari ya upasuaji ambao ungefanyiwa Nairobi. Alisema kweli yote, kwamba tumaini ni dogo, kwamba anaweza kufia huko, na kwamba akipona upasuaji huenda akaongezewa miezi michache, mingi yake ikiwa ya kulala hospitali. Ndani tulikuwa Mama, dada zetu wawili na huyu anayesoma, na Robinson alikuwa nje kwenye ukumbi, kwa sababu Mama alikuwa ndani. Tulikuwa na chai katika chupa, tukammiminia daktari, akanywa, na alipouliza, sote tulijibu kabla ya mgonjwa. Mama alisema, “Daktari, hata leo. Tutafutieni gari.” Mercyline alisubiri tumalize, ndipo akasema, “Daktari, leo umekunywa chai yetu. Rudi kesho uniulize mimi.”

Asubuhi ya Jumanne, Mama hajafika bado kutoka Manyatta alikolala kwa mshirika wa kanisa, Robinson aliingia, nasi watatu tukaomba. Robinson alitaka safari ya Nairobi. Hili lisemwe wazi mbele ya Mungu na mbele ya jeneza, alikuwa amekwisha kufunga mkoba wa nguo, na mkoba ulikuwa pale chini ya kitanda. Tuliposikia viatu vya daktari vikija, Mercyline alimwambia kaka yake, “Wepu, funga mlango.” Akaambiwa daktari ndiye anayekuja. Akasema, “Najua ni yeye. Nifungie kama Mama alivyokuwa akifunga.” Mlango ukafungwa. Dkt. Huzaifa alibisha mara moja, akasimama, akaondoka, na kwa kuwa miaka ya nyuma alifundishwa utaratibu ule na watafiti wa taasisi, aliporudi mchana, na Mercyline akamwambia kwa mdomo kwamba hataki, alisema tu, “Nilielewa nikiwa mlangoni.” Robinson alikuwa amekaa muda wote mikono magotini, hakusema neno, kwa sababu si yeye aliyeulizwa.

Lakini asubuhi ile, nyuma ya daktari alikuja Mama, na uji katika chupa. Alikuta mlango umefungwa mchana kweupe, daktari akigeuka, na ndani akasikia kikohozi cha mkwe wake. Hakuweza kubisha, maana mkwe yuko ndani. Alikaa kwenye benchi, akawaza, na tulipofungua alikuwa amekwisha kufika steji ya magari ya Muhoroni na chupa yake ya uji haijafunguliwa. Kutoka siku hiyo neno lake lilikuwa moja, “Robinson amemfungia mtoto wangu mlango.” Mercyline alimpigia simu zaidi ya mara moja kumweleza kwamba uamuzi ni wake, na Mama akajibu kwamba hayo ni maneno ya Robinson, yeye ametiliwa tu kinywani. Robinson hakuweza kwenda kujieleza, kwa sababu angesimama wapi, na angemtazama nani.

Mercyline alilala hapa nyumbani kwake Kisian, Alhamisi tarehe 11 Septemba 2025 asubuhi, Robinson akimnywesha maji kwa kijiko. Maji yaliyobaki katika kikombe yalikaa pale dirishani mpaka jioni, hakuna aliyejua ayamwage wapi. Watu walikuja, viti vikaletwa, mtu akawasha jiko, na sisi tulikuwa tukitazama kama tunaotazama nyumba ya watu wengine.

Kesho yake Mama alituma neno kwamba hatakanyaga Kisian. Mnajua uzito wa neno hilo. Mtoto kuzikwa mama yake akiwa amekaa nyumbani kwa hasira ni kidonda kisichofungwa, na Robinson angetembea nacho maisha yake yote, na Sheryl na Waliaula wangempoteza mama na nyanya katika kaburi moja. Wazee walishauri Mama aitwe kikao, aamuliwe. Dkt. Ruqayya, aliyekuwa amekuja kutoa pole, alisema kwa upole, “Jamani, Mercyline angewaambia mmekosea siku.”

Kwa hiyo Jumapili tarehe 14, baada ya ibada, kaka yake alikwenda Muhoroni kwa Mama, akiwa na sukari na majani ya chai. Alipewa ugali na mboga ya kunde, akala, wakakaa. Hakuuliza kitu. Wakati wa kuondoka alisema, “Mama, nitarudi Jumanne. Niko na neno nataka ruhusa yako nikuambie, ni habari ya ule mlango wa hospitali. Kama hutaki kulisikia, funga mlango, sitabisha.” Mama alimtazama. “Hii mlango ni yangu, Wepukhulu. Wewe ndio utanifundisha kuifunga?” Akaingia ndani.

Jumanne tarehe 16 jirani wa Kisian alijitolea gari lake, na Robinson akaomba kuja hadi barabarani tu, akisema akibaki nyumbani atakuwa akikitazama kile kitanda. Alishuka kabla ya kona, akasimama kwenye miti ya mikaratusi, uso ameuelekeza mashambani. Kaka akaenda kwa miguu. Katika safari ile hakusali kwa maneno, hayakuwepo. Alipozunguka nyumba ya mwisho aliona mlango uko wazi, wazi kabisa, umewekewa jiwe usirudishwe na upepo, na Mama ameketi ndani kwenye kigoda, mikono mitupu.

Aliambiwa yote kama yalivyosomwa hapa, mkoba chini ya kitanda, viatu vya daktari, na nani aliyefunga, kwamba ni mwanawe mwenyewe wa kumzaa, huyu anayesoma, kwa mkono huu, alipoagizwa na dada yake, na kwamba Robinson hakuinuka alipoketi. Mama alisikiliza bila kutikisika mpaka alipofikishiwa lile neno, nifungie kama Mama alivyokuwa akifunga. Hapo akauliza, “Alisema hivyo?” Akajibiwa, “Alisema hivyo, Mama.” Kisha akauliza, “Na hakulia?” Akajibiwa kwamba hakulia, alitabasamu kidogo wakati daktari alipobisha, kama tulivyokuwa tukifanya sisi watoto. Mama alisema, “Basi alikuwa amejibu. Na mimi nilikuwa nje na daktari, nikijibiwa pamoja naye.” Akaombwa pia ruhusa ya kuyasoma haya mbele yenu, ili lile neno lililomwangukia Robinson liondolewe mahali pale pale watu walipo wengi, akasema yasomwe, yasipunguzwe.

Akainuka, akafunga kitambaa kichwani, akauliza gari ni ya nani na mkwe wake yuko wapi. Akaambiwa yuko barabarani, amegeuka upande wa miwa, naye atarudi Kisumu kwa pikipiki ili ampishe. Mama alisimama pale mlangoni. “Na hii baridi yote? Mwambie asipande piki. Akae mbele na dereva. Mimi nitakaa nyuma, nitaangalia dirisha.” Ndivyo walivyokuja, kutoka Muhoroni hadi Kisian, katika gari moja, hakuna aliyemsemesha mwenzake, hakuna aliyegeuka, na heshima haikuvunjwa. Tulipokaribia Ahero Mama alimgusa mwanawe bega, akampa ile chupa, ilikuwa na uji wa moto, akasema, “Mpe aliye mbele.” Robinson alikunywa akitazama barabara.

Familia inamshukuru Dkt. Huzaifa na wauguzi wote waliomtunza, na hasa kwa kubisha mara moja tu. Tunawashukuru majirani wa Kisian kwa kuni, maji, viti na gari, Kanisa la Marafiki kwa kukaa nasi kimya pasipo kutuharakisha, walimu wenzake Robinson, na watu wa Luanda Kotieno waliotoka alfajiri kwa njia ya vumbi, Mama Oduor akiwa mbele yao na samaki wa kuwalisha ninyi nyote, nasi hatukuthubutu kumkatalia. Tunaishukuru Taasisi ya Maadili, mkurugenzi wake, na watafiti washiriki wote, Dkt. Ruqayya na wenzake, ambao wametuambia kazi yake itaendelea, na tunawaamini. Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mama, kaka na dada, na milango mingi inayojua kujibu.

Bwana alitoa, na leo tunamrudishia kwa mikono isiyohisi kitu bado. Mercyline, dada yetu, Mama amekuja. Swali uliloulizwa umelijibu, na hakuna anayekuja kukuuliza lingine. Pumzika kwa amani.